Kofia ya ukili inapoharibika: dalili, sababu na namna ya kuitengeneza

Kaskazi inaposhika, kati ya Desemba na Machi, kofia za ukili hutolewa makabatini na malalamiko huanza. Moja imepasuka utosini, nyingine ukingo umelala hadi masikioni, ya tatu inanuka. Wengi huzitupa wakanunua za plastiki. Hilo linaniuma, kwa sababu ni vitu vichache tunavyovaa vinavyotengenezeka kirahisi kama kofia hii. Ni ukanda mmoja mrefu wa ukili, yaani chane (vipande vyembamba vya majani) zilizosukwa pamoja, uliozungushwa kuanzia kitovuni, katikati ya utosi, na kushonwa mzunguko juu ya mzunguko, na kilichoshonwa hufumuliwa kikashonwa tena. Nyuma ya ukanda huo yupo mtu, mara nyingi mwanamke wa Pemba, Unguja, Tanga au Lamu, aliyekata majani, akayaanika, akayachana na kuyasuka pima kwa pima kabla hajashika sindano.

Hapa nimepanga matatizo kwa dalili. Chini ya kila dalili nimeanza na sababu inayotokea mara nyingi zaidi, na ukaguzi mwepesi umetangulia kazi nzito.

Kabla hujagusa kitu

Ijue kwanza kofia yako imetengenezwa kwa nini. Pwani yetu nyingi ni za ukindu, yaani majani ya mkindu, laini na yenye kung'aa kidogo, au za miyaa, majani ya mkoche ambao upande wa Kenya huitwa mkoma, nayo ni magumu zaidi. Zipo za rafia kutoka Madagaska, ambazo huvumilia kukunjwa. Lakini madukani zimejaa kofia za karatasi iliyosokotwa ikafanana na jani, na karatasi haitaki maji. Ipime hivi: tafuta ncha iliyochomoza ndani, chini ya utepe wa jasho, itie tone la maji na uisokote kati ya vidole. Ikifunguka ikawa kijikaratasi bapa kinachochanika, usifuate ushauri wowote wa kulowesha uliomo humu. Jani halisi lina mishipa iliyonyooka sambamba, na likilowa hulainika bila kuchanika.

Jambo la pili ndilo msingi wa kazi yote: jani kavu huvunjika, jani lenye unyevu hupinda. Karibu kila tengenezo huanza kwa kulainisha kwa maji kidogo na huisha kwa kukausha polepole kivulini, kofia ikiwa imevishwa kitu chenye umbo la kichwa. Bakuli lililofunikwa taulo linafaa. Mpira wa namba 3 unafaa zaidi, kwa kuwa mzunguko wake ni karibu sentimita 58 hadi 60, sawa na vichwa vya watu wazima wengi.

Kofia inapasuka au chane zinakatika

Sababu ya kwanza ni mkono wa mwenye kofia. Tunaivua kwa kubana utosi kwa vidole viwili, kila siku mahali palepale, mpaka jani linachoka. Shika ukingo kwa mikono miwili, mbele na nyuma, au ingiza kiganja ndani uinue kutoka chini. Tazama ufa uko wapi: ukiwa mbele juu, pande mbili zinazoelekeana, ni alama ya vidole.

Sababu ya pili ni ukavu. Kofia iliyoachwa nyuma ya kioo cha gari au juu ya kabati chini ya bati hupoteza unyevu wake wote, kisha huvunjika siku ya kwanza ikipinda. Ufa wa namna hii hutokea popote, na ukilikunja jani unasikia mlio. Ya tatu ni kukunjwa ndani ya begi. Watu wameona kofia za Panama, zile zinazosukwa Ecuador kwa majani ya toquilla, zikiviringishwa, wakadhani kila kofia ya majani huviringishwa. Ukindu wetu hauvumilii hivyo, na hata toquilla haifai kukaa imeviringishwa siku nyingi. Sababu ya nne, ya nadra, ni jani lenyewe: lilikatwa likiwa limekomaa kupita kiasi au lilichanwa vibaya likabaki na kingo zilizochanika.

Kabla ya kutengeneza, nyunyizia sehemu iliyo karibu na ufa maji kidogo, funika kwa kitambaa chenye unyevu kwa saa moja, kisha jaribu kupinda taratibu. Likipinda, jani lina uhai na kazi inaendelea. Likivunjika tena hata likiwa na unyevu, sehemu hiyo imekwisha.

Chane moja au mbili zilizokatika huzibwa hivi. Chukua chane mpya ya upana uleule, iloweshe mpaka ilainike, kisha ipitishe sambamba na ile iliyokatika ukifuata njia yake, juu na chini, juu na chini. Anza upana wa vidole viwili kabla ya ufa na umalizie vidole viwili baada yake. Tumia shazia butu, ile sindano nene ya kushonea mikeka, kufungua nafasi. Ikikauka, kata ncha kwa mkasi, usizivute. Usitumie gundi ya haraka, kwani hugeuza jani kuwa gumu na ufa mwingine hufunguka palepale gundi inapoishia.

Ufa ukivuka mizunguko miwili ya ukili au ukifika kitovuni, acha. Kitovu ndicho kinachoshika kofia nzima, na kukifumua kunataka mtu aliyezoea kukianzisha. Mpelekee mshonaji wa ukili.

Ukingo umelegea, una mawimbi au umejikunja

Hapa ndipo watu hupoteza muda mwingi, kwa sababu dalili tatu zinazofanana zina tiba tofauti. Weka kofia mezani, utosi chini, ukingo ukiwa hewani, uitazame kwa usawa wa macho.

Kama ukingo umeinama upande mmoja tu, sababu karibu kila mara ni jinsi ilivyohifadhiwa. Kofia iliyolazwa juu ya ukingo wake hubebeshwa uzito wake yenyewe, na ikiningʼinizwa kwenye msumari huota pembe. Tiba ni nyepesi: futa ukingo kwa kitambaa chenye unyevu pande zote mbili, uulaze juu ya meza ukiwa umetandika taulo, kichwa cha kofia kikining'inia nje ya meza au kikiwa ndani ya bakuli pana. Weka vitabu juu ya ukingo kuuzunguka na uache usiku mzima. Baadaye ihifadhi utosi chini.

Kama umelegea kote, kofia ilinyeshewa au ilipigwa na maji ya bahari. Maji ya bahari ni tatizo la peke yake: chumvi inayobaki ndani ya jani huvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo kofia haikauki sawasawa hata ukiianika. Isuuze kwanza kwa maji baridi ya kunywa au ya mvua, ikaushe kwenye umbo, ndipo uupige ukingo pasi. Pasi iwe ya moto wa wastani, katikati kuwe na kitambaa cha pamba chenye unyevu, na ubonyeze bila kusugua. Pasi haigusi jani moja kwa moja. Na kama unatumia mvuke wa birika, mkono usiwe juu ya mdomo wa birika, maana mvuke huunguza vibaya kuliko maji yenyewe.

Wengine hupaka uwanga wa muhogo ili ukingo usimame. Unafanya kazi, ila uwe mwepesi sana na upande wa chini tu. Uwanga ni chakula cha ukungu na wadudu, na nimeona kofia nzuri zikiliwa kwa sababu ya kuwangwa kupita kiasi. Mimi napendelea kushonea mshipi mnene wa kuvulia samaki ndani ya pindo la mwisho. Haushiki kutu, unanyumbulika, na unarudi mahali pake. Waya wa chuma kwenye hewa ya pwani hutia kutu, kisha madoa ya kahawia hayatoki.

Kama ukingo una mawimbi yanayorudi kila unapoupiga pasi, au unashuka kote kama kawa la kufunikia chakula, kosa liko kwenye mshono tangu mwanzo. Kofia inapozidi kupanuka, kila mzunguko unahitaji ukili mrefu kuliko uliotangulia. Mshonaji akiuvuta ukili kwa nguvu, mzunguko wa nje huwa mfupi na ukingo hushuka. Akiulegeza mno, ukili huzidi na mawimbi huzaliwa. Hakuna maji wala pasi inayotibu urefu uliokosewa. Dawa ni kufumua mizunguko ya nje mpaka pale ukingo unapolala bapa, kulowesha ukili ulionyooka, na kushona upya huku kofia ikiwa imelazwa mezani, si mapajani. Kila baada ya mshono wa shubiri moja, acha mkono uone kama ukili umelala wenyewe bila kusukumwa. Ukiwa hujawahi kushona ukili, fanyia mazoezi kwenye kitu kidogo kwanza, au mpe mwenye kazi yake.

Mshono unafumuka

Mara nyingi ni uzi uliooza kwa jasho, na huanzia shingoni, pale kichwa cha kofia kinapokutana na ukingo. Sababu ya pili ni uzi wa nailoni mwembamba uliokaza ukakata jani. Ukiona uzi ni mzima lakini matundu ya sindano yamerefuka, ni hiyo.

Kaza fundo kwenye uzi uliobaki upande wa ndani ili usiendelee kufumuka, kisha shona kwa uzi wa pamba mnene uliopakwa nta au kwa chane nyembamba iliyoloweshwa, jinsi ukili unavyoshonwa tangu zamani. Pitisha sindano pembeni mwa matundu ya zamani, si ndani yake. Anza vidole vitatu kabla ya mahali palipofumuka. Usiupeleke ukili kwenye cherehani ya kawaida ukiwa mkavu. Sindano huukata ukindu.

Ukungu na harufu

Masika inapoingia Machi hadi Mei, kofia iliyowekwa kabatini na jasho la kaskazi ndani yake huota ukungu. Sababu ya kwanza ni utepe wa jasho, wala si jani. Unuse utepe peke yake. Harufu ikiwa hapo tu, ufumue, uufue kwa sabuni au uubadilishe, na mara nyingi tatizo limekwisha.

Madoa ya kijivu au meusi kwenye jani yapeleke nje, siyo sebuleni. Funika pua na mdomo, upige mswaki mkavu laini ukielekeza vumbi kule upepo unakoelekea. Kisha futa kwa kitambaa kilicholowekwa kwenye siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu na kukamuliwa vizuri. Anika kwenye upepo, na jua la asubuhi kwa muda mfupi linasaidia. Madoa meusi yaliyoingia ndani ya jani hayatatoka, na hayana madhara mradi ukungu wenyewe umekufa na kofia imekauka.

Usitumie jiki kwenye kofia. Hulidhoofisha jani, na ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu kwa mapafu. Mwenye pumu asiishughulikie kazi hii kabisa. Ampe mtu mwingine. Na kofia ikiwa imeota ukungu ndani na nje, jani limelainika na linabonyea kidoleni, hiyo ni ya kutupwa.

Madoa ya jasho

Ukanda wa njano au kahawia juu ya paji la uso hutokana na jasho na mafuta ya nywele. Nyunyizia unga wa mahindi mkavu ndani, uache usiku kucha unyonye mafuta, kisha upangusie. Kinachobaki futa kwa maji yenye tone la sabuni ya maji, ukifuata mwelekeo wa chane. Futa mzunguko mzima hata kama doa ni dogo, vinginevyo utaacha alama ya maji.

Inabana, inapwaya au inapeperuka

Pima kichwa kwa utepe wa fundi, juu kidogo ya nyusi na masikio, kisha pima ndani ya kofia. Kofia ikizidi kwa sentimita moja au mbili, shonea kitambaa cha pamba kilichokunjwa nyuma ya utepe wa jasho. Ikibana, nyunyizia maji shingoni kwa ndani, ivalishe umbo lililo kubwa kidogo, ikauke siku nzima. Zaidi ya sentimita moja usilazimishe, mshono utaachia.

Kwa upepo wa kusi, tia kamba ya kidevu. Isishonewe kwenye chane moja. Shonea kipande kidogo cha kitambaa ndani, kila upande, ndipo kamba ipite hapo. Kwa mtoto anayecheza, kupanda miti au kubembea, usimfungie kamba imara shingoni. Tumia mpira mwepesi unaokatika ukivutwa, au usitie chochote. Na juu ya bodaboda inavaliwa helmeti. Kofia ya ukili inafungwa kwenye begi.

Rangi inachuja, paji la uso linawasha

Sugua ndani kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Kikitoka na rangi, ukindu haukuchemshwa vya kutosha pamoja na rangi au haukusuuzwa baada ya kutiwa. Rangi nyekundu na zambarau ndizo zinazosumbua zaidi kwa niliyoyaona. Kofia iliyokwisha kushonwa haiwezi kuchemshwa upya, kwa hiyo shonea kitambaa cheupe cha pamba ndani, mzunguko mzima, na usiivae kwenye mvua.

Kitambaa kikitoka safi na bado unawashwa, tafuta ncha za chane zinazochoma, kisha fikiria utepe wenyewe, hasa ukiwa wa ngozi au wa sponji. Vua kofia na uache kuivaa iwapo vipele vinatoa maji, au kope na midomo inavimba. Hapo nenda hospitali, na ukikosa pumzi nenda wakati huohuo.

Vumbi laini chini ya kofia

Kama kila asubuhi unakuta vumbi la rangi ya krimu na vitundu vidogo vya duara kwenye jani, kuna wadudu wanaokula kutoka ndani. Itenge na mikeka na vikapu vyako leo hii. Ifunge ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uiweke kwenye friza kwa wiki mbili. Ukiitoa, usifungue mfuko mpaka siku ya pili, ili umande utue juu ya plastiki na sio kwenye jani. Usipulizie dawa ya wadudu kwenye kitu kitakachokaa kichwani. Wadudu wakionekana pia kwenye boriti au fanicha, kofia siyo chanzo, na hapo anahitajika fundi wa kuua wadudu.

Jua linapita

Hili halilalamikiwi sana, lakini ndilo ninalotaka kila msomaji alikague leo. Inua kofia mbele ya taa au dirisha utazame ndani. Nukta za mwanga unazoziona ndizo njia za jua kufika kwenye ngozi yako. Karibu na ikweta kipimo cha mionzi ya jua inayounguza ngozi (UV) mchana hufika 11 na kupita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakiweka kwenye daraja la juu kabisa la hatari.

Sababu kubwa ni ususi uliolegezwa kwa makusudi ili kofia iwe nyepesi au iwe na urembo wa matundu. Inayofuata ni ukindu uliosukwa kabla haujakauka sawasawa: jani linaponywea, kila chane inakuwa nyembamba na nafasi zinafunguka. Ukili wa namna hii huuhisi ukiteleza vidoleni. Kuloweka hakutauziba. Shonea kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa kubana, chenye rangi ya kukolea, chini ya ukingo na ndani ya kichwa. Usitumie nailoni, maana joto halitatoka. Kisha pima ukingo. Usipungue sentimita 7.5 kuzunguka kote, kwa sababu shingo na masikio vinahitaji kivuli sawa na uso. Mchanga na maji hurudisha mionzi kutoka chini, ambako ukingo hauzuii kitu.

Kwa watu wenye ualbino kipimo hiki ni cha lazima, na kofia hata iliyo nzuri haitoshi peke yake. Inakwenda na mikono mirefu, kivuli na losheni ya kukinga jua. Kituo cha magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kinahudumia watu wenye ualbino, na Moshi ndiko inakotengenezwa losheni ya Kilisun kwa ajili yao. Kidonda usoni, sikioni au shingoni kisichopona kwa wiki kadhaa, au kinachotoa damu kikiguswa, kinahitaji daktari, mwenye kidonda awe ana ualbino au hana.

Na mtu akianguka juani, au akaanza kuchanganyikiwa na mwili ukawa wa moto sana, mvue kofia, mpeleke kivulini, mmwagie maji na kumpepea huku mkitafuta usafiri wa hospitali. Msisubiri apate nafuu.

Kofia isiyotengenezeka

Kofia ambayo jani lake linavunjika hata baada ya kulala ndani ya kitambaa chenye unyevu usiku mzima haiponi. Lakini mara nyingi kichwa ndicho kilichokufa, na ukili wa ukingo bado ni mzima. Fumua kuanzia pindo la nje kuelekea ndani, kata pale jani linapoanza kuvunjika, viringisha ukili uliobaki na uuanike kivulini. Pima mbili za ukili mzima zinatosha kubadilishia pindo la kofia nyingine, na wauzaji wa mikeka huzipokea. Ikiwa ni kofia ya zamani ya familia na hujui ilishonwa na nani, usiifumue wala kuiosha. Ifunge kwenye kitambaa cheupe cha pamba, ijaze nguo laini ndani ili isibonyee, na uwaulize wahifadhi wa makumbusho iliyo karibu nawe kabla ya kuifanyia lolote.